Kuchomelea Ni Kazi ya Mwisho

Mteja, mwalimu mstaafu, amekuja na picha kwenye simu. Ni banda la gari la kisasa: nguzo zimesimama upande mmoja tu, na paa limetokeza upande wa pili bila kushikwa na kitu. Fundi anaipokea simu kwa mikono miwili, anaikuza picha kwa vidole, na jicho lake halikai kwenye paa. Linashuka mpaka pale nguzo zinapoingia ardhini. Kisha anamrudishia mwenyewe simu yake.

“Ni zuri, Mwalimu. Ila niambie kwanza: pikapu yako inalala na mzigo au inalala tupu?”

Karakana yake iko Kasense, katika Manispaa ya Sumbawanga, na hapo mabanda, mageti na madirisha hutengenezwa kwa vipimo vya mwenye nyumba. Hakuna banda lililokamilika linalosubiri mnunuzi. Kuna mabomba ukutani, meza ya chuma iliyojaa makovu ya moto, na maswali. Milango ya gari inafunguliwa upande gani mnaposhusha magunia? Maji ya mvua mnataka yaende wapi? Kuna mpango wa kuongeza gari la pili, au kuziba ukuta mmoja baadaye? Mwezi gani upepo unawasumbua zaidi, na unatoka upande gani wa nyumba? Mwalimu anajibu taratibu. Mengine hana jibu, na fundi anayaacha wazi mpaka atakapofika uwanjani mwenyewe.

Kuhusu ile picha, hakatai. “Linajengeka. Lakini hapo uzito wote na upepo wote vinabebwa na mstari mmoja wa nguzo. Nguzo lazima ziwe nene, na zege liwe kubwa mara mbili au tatu. Uwanja wako ungekuwa mwembamba ningekushauri hivyo hivyo. Ni mpana. Hela ya lile zege la ziada inunulie bati zuri.”

Ndivyo uchaguzi unavyofanyika: kimoja kinaondolewa, kingine kinabaki, na kila mara sababu inatajwa. Turubai ni jepesi na rahisi, lakini jua la huku juu hulichosha na upepo hulirarua pembeni. Paa la migongo miwili lenye kofia katikati linapendeza, ila linamwaga maji pande zote mbili, na upande mmoja wa uwanja una njia ya watu. Linabaki paa la mteremko mmoja, nguzo sita, tatu kila upande, urefu wa mita 6 na upana wa mita 3 na nusu. Pikapu yenye urefu wa mita 5 na kitu itaingia, na mtu atapita mbele na nyuma yake akiwa na gunia begani.

Upepo ndio anaouhesabu kuliko kitu kingine. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda wa Ufipa, kati ya bonde la Ziwa Rukwa na lile la Ziwa Tanganyika. Kiangazi upepo ukivuma kutoka upande wa milima ya Mbizi haukuti kizuizi kikubwa. Nyumba ina kuta za kuuzuia. Banda la gari halina. Upepo unaingia chini ya paa na kulisukuma juu. Kwa hiyo watu wanaoogopa banda kuanguka wanaogopa kisichokuwepo. Banda huruka.

Hesabu zenyewe ni za kawaida. Upepo wa kilomita 70 kwa saa husukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu ya takriban kilo 24. Paa hili, pamoja na kingo zake, lina mita za mraba kama 25. Zidisha: kilo 600 zinazotaka kwenda juu. Bati na vyuma vyote vya banda havizidi sana kilo 300. Tofauti hiyo lazima ilipwe na kitu kilicho chini ya ardhi, na ndiyo maana jicho lake lilishuka pale kwenye picha.

Uwanjani anafika asubuhi na tepu, uzi, vigingi na timazi. Anasimama kwanza, anazunguka nyumba, anaangalia majani ya migomba yaliyochanika upande gani. Upande wa mashariki ndio unaopigwa, kwa hiyo ukingo wa chini wa paa utatazama huko na ule wa juu utatazama nyumba. Paa linaloinua mdomo kuelekea upepo linaukaribisha ndani. Kwa bahati nzuri ukingo huo wa chini ndio ulio karibu na mahali Mwalimu anapotaka tangi la maji.

Kona ya kwanza anaipiga kwa tatu, nne, tano: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na uzi wa mshazari ukisoma mita 5 kamili, kona ni ya nyuzi 90. Zikikamilika kona nne anapima mshazari wa banda zima, kutoka kona hii hadi ile, kisha wa pili. Yote miwili inapaswa kusoma mita 6 na sentimita 95. Wa kwanza unasoma 95, wa pili 97. Anang’oa kigingi kimoja, anakisogeza kwa upana wa kidole, anapima upya pande zote. Kijana wake msaidizi anashika mwisho wa tepu bila kuambiwa ashike wapi.

Dukani anachagua bomba moja moja. Mabomba haya ya mraba yanakuja kwa malori kupitia Tunduma, na njiani mengine hupinda. Anaweka ncha ya bomba karibu na jicho, anatazama urefu wake wote, analizungusha robo, anatazama tena. Kisha anatoa vernia mfukoni na kupima unene wa ukuta wa bomba, kwa sababu bomba linalouzwa kwa jina la milimita 2 si lazima liwe na milimita 2. Mawili anayarudisha. Muuzaji hanuni; wanajuana.

Mabomba huuzwa kwa urefu wa mita 6, na hapo ndipo ufundi wake unapokaa kwenye daftari kabla ya kukaa kwenye chuma. Nguzo ndefu inahitaji mita 2 na sentimita 60 juu ya ardhi, na sentimita 60 ndani ya zege: jumla mita 3 na sentimita 20. Nguzo fupi ni mita 2 na sentimita 20 juu, na 60 chini: jumla mita 2 na sentimita 80. Zijumlishe, unapata mita 6 kamili. Bomba moja la inchi 3 kwa 3 linatoa nguzo ndefu moja na fupi moja, na kinachopotea ni milimita mbili tatu zinazoliwa na jiwe la kukatia. Ule mteremko wa sentimita 40 uliochaguliwa kwa ajili ya mvua umechaguliwa pia kwa ajili ya bomba.

Kenchi nazo ni hivyo hivyo. Ziko tatu, za bomba la inchi 2 kwa 2, kila moja mita 4. Kila bomba linabakiza mita 2, na kila mabaki yanakatwa vipande vitatu vya sentimita 66. Vipande tisa. Vinane vitakuwa mikono, ile ya mshazari inayokaza kona, miwili kwa kila nguzo ya kona. Cha tisa anakiweka chini ya meza. Kwenye karakana nyingi nimeona rundo la vipande vya chuma nyuma ya mlango, na kila kipande ni hela ya mtu iliyokatwa bila hesabu. Hapa rundo ni dogo.

Kukata kunaanza kwa alama. Kalamu ya wino haitoshi, anachora kwa ncha ya chuma kilichonolewa, na mstari anauzungusha pande zote nne za bomba kwa skwea. Ukikutana na mwanzo wake, ni sahihi. Usipokutana, anafuta kwa tupa na kuanza tena. Grainda inashuka juu ya mstari bila kusukumwa. Cheche zinaruka upande mmoja, mbali na miguu ya msaidizi. Akimaliza kila kipande anapitisha tupa kwenye ukingo, nje na ndani, mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

Miguu ya nguzo inapata kazi ambayo hakuna mpita njia atakayeiona. Chini ya kila nguzo anachomelea vipande viwili vya engo, kimoja kikikatiza kingine, ili zege likishakauka lisiwe limeishika nguzo kwa msuguano peke yake. Juu ya nguzo anafunga mdomo wa bomba kwa kipande cha bati nene, na anachomelea pande zote nne bila kuacha tundu. Maji yakiingia ndani ya bomba hayatoki. Yanakaa, yanakula chuma kutoka ndani, na rangi ya nje inaendelea kung’aa mpaka siku nguzo inapokatika.

Mashimo ni sita, sentimita 45 kwa 45, kina sentimita 70. Sentimita 10 za chini zinajazwa mawe na kushindiliwa. Zege likijaa hapo juu, kila shimo linabeba uzito wa karibu kilo 290, na yote sita kwa pamoja zaidi ya kilo 1,700. Sasa zile kilo 600 za upepo zina pa kushikiliwa, na hata upepo ukizidi, bado kuna akiba.

Nguzo za kona zinasimamishwa kwanza, zinashikizwa kwa miti, uzi unavutwa kati yake, na zile za katikati zinafuata uzi. Pima maji inawekwa upande mmoja wa nguzo, kisha upande wa pili, kwa sababu nguzo inaweza kuwa wima ukiitazama kutoka barabarani na kuwa imelala ukiitazama kutoka jikoni. Zege linamiminwa kidogo kidogo na kuchomwachomwa kwa nondo ili hewa itoke. Juu ya ardhi anaacha shingo ya zege yenye mwinuko, iliyolainishwa kwa mwiko, ili maji ya mvua yateremke mbali na chuma. Nguzo nyingi za chuma huozea pale pale zinapokutana na udongo, na shingo hii ya sentimita tano inaongeza miaka.

Kisha anaondoka, na kwa siku saba hagusi nguzo. Mwalimu anapiga simu siku ya tatu kuuliza kama mafundi wanaumwa. “Zege ndilo linalofanya kazi sasa, Mwalimu. Limwagieni maji asubuhi na jioni.”

Kusubiri chuma si jambo geni huku. Wafipa waliyeyusha chuma kabla mabomba na mabati hayajaletwa kutoka mbali, na baadhi ya matanuri yao marefu ya udongo, malungu, bado yamesimama mashambani na maporini, mengine yakiwa marefu kuliko mtu mzima. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyeandika tasnifu yake mwaka 1995 kuhusu ufuaji chuma wa kusini magharibi mwa Tanzania, alionyesha kwamba nchi hii ilikuwa na zaidi ya teknolojia moja ya kuyeyusha chuma. Ilungu lilijazwa mkaa na mawe ya chuma, na halikuvutwa kwa mivuo: moto ulipopanda ndani ya tanuri refu, wenyewe ulivuta hewa kupitia matundu ya chini. Kilichotoka humo hakikuwa jembe bado. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, hapo sasa mivuo ikapulizwa na uchafu ukatolewa, ndipo mhunzi akaanza kugonga. Majembe yale yalilima, na pia yalilipa mahari. Majembe ya viwandani kutoka ng’ambo ndiyo yaliyozima moto wa malungu katika karne ya 20, lakini mkulima wa Ufipa bado anaweza kuokota mavi ya chuma shambani kwake.

Fundi wetu hachimbi mawe ya chuma, na chuma chake kinatoka mbali kuliko ambako wazee wale wangeota kwenda. Anachofanana nao ni kuweka kazi kwa hatua na kukataa kuruka hatua.

Siku za kusubiri anazitumia kwenye kenchi na boriti. Vipande vinalazwa juu ya meza, vinabanwa kwa vibano, na kabla ya mshono wowote anavishikiza kwa nukta ndogo za moto, moja kila kona. Mtazamaji anadhani kazi imekwisha. Kwake ndiyo inaanza. Anatoa vibano, anaweka skwea, anatazama mwanga kati ya skwea na bomba. Ukiwepo mwanga anagonga kwa nyundo ndogo. Nukta moja inakatika kwa nyundo. Mshono kamili hukatwa kwa grainda na hasira.

Umeme nao una tabia zake. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme wake kutoka Zambia, na wenye mashine za kuchomelea wamejifunza kusikiliza mkondo kabla ya kuuamini. Kwenye bomba la milimita 2, moto ukizidi unatoboa, ukipungua unapaka juu bila kuingia. Anajaribu kijiti kwenye kipande kibovu, anageuza kitasa kidogo, anajaribu tena. Anasikiliza. Ukisikia sauti ya maandazi yakiingia kwenye mafuta, imekaa sawa. Sauti ikianza kupasuka na kukohoa, anasimamisha mkono.

Mshono mmoja niliutazama kwa karibu, nikiwa na kioo cheusi alichonipa. Ncha ya kijiti inaegemea kona, imelala kidogo kuelekea inakokwenda. Chini yake kuna kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, kidogo kuliko punje ya mahindi, na mkono unakisogeza kwa mwendo usiobadilika, ukisita nusu sekunde kila upande ili chuma kiingie pande zote mbili. Anavuta sentimita tatu, anaacha. Haendelei pale pale. Anahamia kona ya upande wa pili, anavuta tatu nyingine, kisha anarudi. Mshono unapopoa hujikunyata na kuvuta bomba upande wake, na ukimaliza upande mmoja wote kwa mkupuo, kenchi inapinda. Akipishanisha, mvuto wa huku unajibiwa na mvuto wa kule. Kinachofuata ni nyundo nyepesi, gamba jeusi linapasuka na kudondoka, brashi ya waya inapita, na chini yake kuna mistari midogo iliyopangana, yenye nafasi sawa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Anaitazama sekunde moja tu na kwenda kwenye kona inayofuata.

Siku ya nane boriti mbili zinapandishwa juu ya nguzo, kenchi tatu juu ya boriti, papi tano juu ya kenchi. Yote yanashikizwa kwanza. Mshazari unapimwa tena, safari hii hewani, msaidizi akiwa juu ya ngazi na ncha ya tepu. Mikono minane inakaa kwenye kona zake. Ndipo anaposhusha kinga ya uso na kuchomelea banda zima, kona kwa kona, kwa mpishano ule ule. Kazi hiyo inakwisha kabla ya saa nane mchana. Katika kazi yote ya banda hili, moto ndio uliochukua muda mfupi zaidi.

Rangi ya kuzuia kutu haipakwi juu ya vumbi. Kila mshono unasuguliwa kwa brashi ya waya, unafutwa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, na mshono ndio unaopakwa kwanza kwa brashi ndogo, kabla ya bomba lenyewe, kwa kuwa kutu hupenda kuanzia pale moto ulipopita. Koti la pili linasubiri la kwanza likauke.

Bati ni geji 28, migongo mipana, urefu wa mita 4, limekatwa hivyo kiwandani ili paa lisiwe na kiungo katikati ya mteremko. Kila moja linapandishwa na watu wawili asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. La kwanza linalazwa upande ulio mbali na upepo, na kila linalofuata linapanda mgongo mmoja wa lililotangulia, ili mdomo wa kiungo uwe umeupa upepo kisogo. Skrubu zenye raba zinaingia juu ya mgongo, kamwe si bondeni ambako maji hupita. Katikati ya paa anaruka mgongo mmoja; kwenye kingo zote nne haruki hata mmoja, kwa sababu upepo hauanzi kung’oa katikati. Drili anaiachia pale raba inapojaa chini ya kofia ya skrubu. Ikikazwa zaidi raba inachanika, na miaka miwili baadaye pana tone. Mwisho linafungwa gata upande wa chini, na bomba lake linaelekezwa kwenye tangi.

Pikapu inaingia, inatoka, inaingia tena. Mwalimu anafungua milango yote miwili na kuzunguka gari. Anasifia bati. Fundi anamshukuru, kisha anamwinamisha aangalie shingo za nguzo.

“Kila Oktoba, kabla mvua haijaanza, pita hapa. Ukiona rangi imevimba, kwangua, paka upya, usingoje. Juu, mtume kijana aguse skrubu za pembeni.”

Mwalimu, kwa mazoea ya kazi yake, ametoa daftari na anaandika: Oktoba, shingo, rangi, skrubu. Fundi anaomba kalamu, anaongeza neno moja chini, “gata”, kwa kuwa majani ya mparachichi wa jirani yatalijaza. Anamrudishia kalamu, na wanaanza kuzungumzia salio.